Mbiyu Koinange: Mlezi wa walimu aliyenyimwa kiti cha mshauri

KWA Wakenya wengi waliozaliwa baada ya Uhuru, jina la Mbiyu Koinange huandamana na kesi. Tangu alipofariki mwaka wa 1981, mzozo kuhusu urithi wake ulipita mbele ya majaji kadhaa na kudumu miaka mingi kuliko ile aliyohudumu akiwa waziri.

Wazee wao wanamkumbuka kwa jambo jingine. Kwao alikuwa kivuli cha Mzee Jomo Kenyatta, shemeji yake na msiri wake, waziri ambaye hakuhitaji miadi ili kumwona Rais.

Sura hizo mbili hazielezi jinsi alivyojulikana mwanzoni. Kabla ya mashamba na kabla ya Ikulu, Peter Mbiyu Koinange alikuwa mwalimu wa walimu. Alirejea nchini na elimu ambayo Waafrika wa Kenya wa wakati wake walikuwa wameisikia kwa mbali tu, akaielekeza katika swali moja lililowatatiza wazazi: kijana anayetaka kuwa mwalimu ataonyeshwa njia na nani, na cheti chake kitatambuliwa na nani?

Swali hilo lilimwandama maisha yake yote. Alilikabili akiwa mwanafunzi ughaibuni, akalikabili akiwa mkuu wa chuo, na hatimaye likamkuta ameketi katika kiti cha waziri.

Mwana wa chifu

Mbiyu alizaliwa mwaka wa 1907 huko Kiambaa, wilayani Kiambu. Babake, Koinange wa Mbiyu, alipanda ngazi katika utawala wa kikoloni hadi akawa chifu mkuu. Hata hivyo, hakuwa chifu wa kuitikia kila neno la wakubwa wake. Alilia ardhi ya jamii yake iliyotwaliwa na walowezi, na mwaka wa 1931 alikuwa miongoni mwa Waafrika watatu waliosafiri hadi London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Uingereza. Wenzake walikuwa Ezekiel Apindi na James Mutua.

Mzee huyo aliamini kwamba vita vya ardhi vingehitaji watu waliosoma. Mwanawe akapelekwa katika Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, iliyofunguliwa Machi 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti.

Alliance ya siku hizo ilikuwa kilele cha elimu ya Mwafrika nchini, lakini kilele hicho kilikuwa kifupi. Kozi zake za mwanzo zilikuwa za miaka michache tu, na aliyezimaliza hakuwa na chuo kikuu chochote humu nchini cha kumpokea. Makerere, nchini Uganda, nayo ilikuwa bado changa na haikutoa shahada.

Kwa hivyo, kijana wa Kiafrika aliyetamani kuwa mwalimu alikuwa na njia moja iliyochorwa tayari. Angesoma shule ya misheni, aingie darasa la ualimu la misheni, apate cheti kilichoidhinishwa na Idara ya Elimu, kisha afundishe katika shule ya misheni. Aliyemshauri, aliyemtahini na aliyemwajiri walikuwa karibu mtu yule yule.

Njia ya Hampton

Mwaka wa 1927, akiwa na umri wa yapata miaka 20, Mbiyu alipanda meli kuelekea Marekani. Alikwenda katika taasisi ya Hampton, jimboni Virginia.

Hampton haikuwa jina geni kwa waliosimamia elimu ya Kenya. Ilianzishwa mwaka wa 1868 na Jenerali Samuel Chapman Armstrong ili kuwafunza walimu miongoni mwa Wamarekani weusi waliokuwa wametoka utumwani. Booker T. Washington, aliyefungua chuo cha Tuskegee mwaka wa 1881, alikuwa zao la Hampton.

Mnamo 1924, tume ya wakfu wa Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo msomi mashuhuri kutoka Gold Coast, James Aggrey. Tume hiyo iliusifu mtindo wa Hampton wa kuunganisha masomo na kazi za mikono. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete ili kuwaandaa walimu wa vijijini kwa kufuata mfano huo huo wa Marekani.

Walowezi wengi waliukubali mtindo huo kwa sababu zao wenyewe. Walitaka Mwafrika afunzwe useremala, kilimo na usafi, asivuke hapo. Ushauri uliotolewa kwa mwanafunzi mweusi wa ualimu, huko Virginia na hapa Kabete, ulikuwa na mpaka: jifunze kinachofaa hali yako.

Mbiyu aliipita Hampton bila kukoma hapo. Alipomaliza, aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, kilichoko mji wa Delaware jimboni Ohio, akapata shahada ya kwanza. Kisha akaelekea New York, katika Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya uzamili. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Kenya kufika daraja hiyo.

Chuo hicho kilikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya fikra za elimu duniani. Mwanafalsafa John Dewey alikuwa amefundisha Columbia hadi mwaka wa 1930, na wanafunzi wake waliendelea kuhubiri kwamba shule si mahali pa kukariri tu, bali ni sehemu ya maisha ya jamii inayoizunguka. Kwa mtu aliyetoka katika nchi ambako shule ilikuwa mali ya misheni au ya serikali, wazo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Iwapo shule ni ya jamii, basi jamii nayo ina haki ya kuwaandaa walimu wake.

Baada ya kusoma kwa muda nchini Uingereza, Mbiyu alirejea Kenya mwaka wa 1938. Alikuwa ameondoka kijana, akarudi mtu mzima mwenye zaidi ya miaka 30. Safari yake ya kusoma ilikuwa imechukua miaka 11.

Shule bila walimu

Nchi aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Mnamo 1929, makanisa kadhaa ya kimisheni katika eneo la Wagikuyu yaliwataka waumini na walimu wao wakatae tohara ya wasichana, desturi ambayo leo imepigwa marufuku kisheria nchini Kenya. Wakati huo mabishano hayo yaligusa mambo mengi kwa pamoja: mila, imani, ardhi na mamlaka ya mgeni katika nyumba ya mwenyeji.

Maelfu ya waumini walihama makanisa hayo, na watoto wao wakatolewa shuleni. Katika miaka ya 1930, wazazi hao walijenga shule zao wenyewe. Makundi mawili yalijitokeza kuzisimamia, yaani KISA, chama cha shule huru za Wagikuyu, na Karing'a, kilichokuwa na msimamo mkali zaidi.

Kujenga darasa hakukuwa tatizo kubwa. Miti ilikuwapo, nyasi za kuezekea zilikuwapo, na nguvu za wanakijiji zilikuwapo. Kilichokosekana ni mwalimu.

Vyuo vya ualimu vilikuwa mikononi mwa misheni na serikali. Kijana wa shule huru aliyetaka kusomea ualimu alilazimika kubisha mlango ule ule ambao wazazi wake walikuwa wameupa kisogo. Matokeo yake ni kwamba madarasa mengi yalifundishwa na vijana waliokuwa wamewazidi wanafunzi wao madarasa machache tu.

Idara ya Elimu nayo ilishika upungufu huo kuwa hoja. Ilidai kwamba shule huru zifuate silabasi ya serikali, zikaguliwe na ziwe na walimu waliohitimu. Dai hilo halikuwa baya kwa dhahiri yake. Hata wazazi wenyewe walitaka walimu bora. Shida ilikuwa kwamba aliyedai cheti ndiye aliyeshika ufunguo wa mahali pa kukipatia.

Githunguri

Mbiyu angeweza kutafuta kazi serikalini. Lakini utumishi wa kikoloni ulikuwa na ngazi tatu za mishahara, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, na shahada ya Columbia isingempandisha Mwafrika kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Akachagua njia nyingine. Kwa kushirikiana na babake na viongozi wa shule huru, alianzisha chuo cha kuwafunza walimu huko Githunguri, Kiambu. Kilifunguliwa Januari 1939, naye akawa mkuu wake wa kwanza.

Chuo hicho kilikuja kujulikana kama Kenya Teachers College, na jina hilo lilikuwa na maana. Ingawa kilichipuka kutokana na shule za Wagikuyu na kusimama katika ardhi yao, hakikujiita chuo cha kabila. Mbiyu alikusudia kiwe cha Kenya nzima.

Fedha zilitoka kwa wananchi. Marika yalitumiwa kama njia ya kuchanga, kila rika likitaka lisipitwe na lililolitangulia wala lililolifuata. Wanawake nao walijipanga wakachanga fedha za bweni la wasichana. Hii ilikuwa miaka mingi kabla ya Harambee kuwa wito wa taifa zima.

Tufikirie kazi iliyomkabili mkuu wa chuo cha namna hiyo. Mkuu wa chuo cha misheni aliwapokea wanafunzi waliopita katika chujio moja, waliofanya mtihani mmoja, na waliosubiriwa na kazi iliyojulikana. Githunguri ilipokea watu kutoka shule za viwango mbalimbali. Wengine walikuwa vijana wadogo, wengine watu wazima waliokuwa tayari wamesimama mbele ya darasa bila mafunzo. Kabla ya kumfundisha mtu kama huyo mbinu za ualimu, ilibidi kwanza ipimwe elimu aliyokuja nayo, kisha ijulikane anafaa kufundisha madarasa gani na anahitaji kurudia nini.

Ndiyo sababu chuo hakikuweza kubaki chuo cha walimu peke yake. Kiliteremka hadi madarasa ya msingi na kupanda hadi ya sekondari, kwa kuwa mwalimu mtarajiwa ambaye hakuwa na msingi hangeweza kupewa paa. Waliomkosoa Mbiyu walisema amejitwika mzigo usiobebeka. Waliomtetea walisema hakuwa na la kufanya, kwani ngazi zilizokosekana zilikuwa nyingi.

Katika yote hayo, Mbiyu alikuwa na kitu kimoja ambacho vyuo vingine havikuweza kumpa mwanafunzi wa Kiafrika. Alikuwa ameipita njia yenyewe. Alijua maana ya kuanza masomo upya katika nchi ya mbali, na maana ya kuambiwa kwamba mtu wa rangi yake anatosheka na useremala. Mwanafunzi wa Githunguri aliyemtazama alikuwa akitazama jibu la swali ambalo hakuthubutu kuliuliza.

Cheti bila mhuri

Hata hivyo, mfano mwema hauwi cheti. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu mkubwa wa Githunguri.

Chuo hicho kilisimama nje ya mfumo wa misheni na serikali, na uhuru huo ulikuwa na gharama. Ruzuku ya serikali ilikwenda kwa shule na vyuo vilivyokubali masharti yake. Mwalimu aliyetoka Githunguri alipokewa kwa shangwe katika shule huru, lakini nje ya shule hizo karatasi yake haikuwa na nguvu ya cheti cha serikali. Mshahara wake ulitegemea karo na michango ya wazazi, na wazazi hao walikuwa maskini.

Fedha zilipungua mara kwa mara, na manung'uniko kuhusu hesabu hayakukosekana. Maofisa wa serikali walikitilia shaka chuo hicho, wakikiona kuwa jukwaa la siasa lililovaa kanzu ya elimu. Shaka hiyo haikuwa ya bure kabisa. Katika nchi ambako Mwafrika hakuwa na kura, kujenga chuo bila ruhusa ya moyo ya mtawala kulikuwa siasa tosha.

Septemba 1946, Kenyatta alirejea kutoka Uingereza alikokuwa ameishi kwa takriban miaka 15. Alijiunga na Githunguri, akawa msaidizi wa Mbiyu, kisha akashika usukani wa chuo Mbiyu aliporudi ng'ambo kuendelea na masomo. Alimwoa pia Grace Wanjiku, dadake Mbiyu, aliyefariki mwaka wa 1950 alipokuwa akijifungua. Urafiki wa wanaume hao wawili ukawa udugu, na chuo cha walimu kikawa pia mahali ambapo viongozi wa chama cha KAU walikutana.

Mnamo 1949, kamati iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher ilitoa ripoti kuhusu elimu ya Waafrika. Ilipendekeza mafunzo ya walimu yaimarishwe na usimamizi wa shule ukazwe. Kwenye karatasi, hayo ni mambo ambayo mwalimu yeyote angeyaunga mkono. Lakini viongozi wa shule huru waliisoma ripoti hiyo kama kamba ya kuwanyonga. Waliona kwamba usimamizi uliopendekezwa ungerudisha shule zao chini ya wale waliozikimbia, na kwamba watoto wengi wangeachwa nje ya madarasa ya juu.

Kitanzi mahali pa ubao

Mwaka wa 1951, KAU ilimtuma Mbiyu pamoja na Achieng' Oneko hadi Uingereza kuwasilisha kilio cha ardhi. Hakujua kwamba ingemchukua miaka mingi kurejea.

Oktoba 7, 1952, Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa kupigwa risasi. Oktoba 20, serikali ilitangaza hali ya hatari. Mzee Koinange, babake Mbiyu, alishtakiwa kuhusiana na mauaji hayo, akaachiliwa na mahakama, lakini akawekwa kizuizini. Alikaa huko hadi uzee ukamlemea, akafariki mwaka wa 1960. Ndugu kadhaa wa Mbiyu walizuiliwa pia.

Githunguri haikusazwa. Chuo kilifungwa mwaka wa 1952, na shule huru zikafungwa au kuwekwa chini ya usimamizi mwingine. Majengo yaliyosimamishwa kwa shilingi za marika na za akina mama yakawa ya utawala wa kikoloni, na Githunguri ikawa mojawapo ya mahali ambapo waliohukumiwa kifo katika vita vya Mau Mau walinyongwa.

Kwa waliokisomea chuo hicho, hasara ilikuwa ya aina mbili. Walipoteza mahali pa kujifunzia, na wakapoteza hata shule ambazo zingeutambua ujuzi wao. Mwalimu ambaye cheti chake kilitambuliwa na shule huru peke yake alibaki mikono mitupu shule hizo zilipofungwa. Baadhi yao waliishia kambini.

Mbiyu aliyaona hayo akiwa mbali. Mwaka wa 1955 alichapisha kitabu kiitwacho The People of Kenya Speak for Themselves, ambamo alisimulia juhudi za wananchi kujijengea shule na chuo. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiueleza ulimwengu kwamba shule hizo zilikuwa matanuri ya ugaidi. Yeye alieleza jinsi zilivyojengwa.

Mshauri asiye na kiti

Januari 1960, mkutano wa katiba ya Kenya uliitishwa katika jumba la Lancaster, London, chini ya Waziri wa Makoloni, Iain Macleod. Wajumbe Waafrika waliongozwa na Ronald Ngala, huku Tom Mboya akiwa katibu wao.

Waafrika waliteua washauri wawili. Mmoja alikuwa Thurgood Marshall, wakili mweusi kutoka Marekani ambaye baadaye aliketi katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Wa pili alikuwa Mbiyu Koinange.

Marshall alikubaliwa. Mbiyu alikataliwa. Wajumbe wa walowezi walimhesabu miongoni mwa waliohusika na Mau Mau, ingawa alikuwa Uingereza vita vilipoanza. Waafrika nao walisusia vikao, na mkutano ukakwama kwa siku kadhaa.

Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya ajabu. Ilitolewa pasi isiyoandikwa jina, ambayo ingemruhusu Mbiyu kuingia ndani ya jumba lakini si ndani ya ukumbi wa mkutano. Angeweza kushauri korido, asiweze kushauri meza.

Mtu aliyekuwa ametumia miaka yake bora akiwaandaa walimu ambao vyeti vyao havikutambuliwa, sasa alikuwa na karatasi yake mwenyewe isiyo na jina. Hata hivyo, wenzake walitoka nje kumsikiliza. Hilo nalo ni aina ya kutambuliwa.

Upande wa pili wa meza

Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, Mbiyu aliingia katika serikali ya Kenyatta. Kuanzia mwishoni mwa 1964 hadi 1966 alikuwa Waziri wa Elimu.

Hapo mambo yakageuka. Yule aliyepinga serikali kuwa mshauri, mtahini na mwajiri wa kila mwalimu sasa ndiye aliyekuwa serikali. Na walimu wa wakati huo, kupitia chama chao cha KNUT kilichoundwa mwaka wa 1957, hawakuwa wakidai uhuru kutoka kwa serikali. Walidai waajiriwe na mwajiri mmoja. Walikuwa wamechoshwa na hali ambapo mwalimu wa misheni, wa baraza la wilaya na wa bodi walipokea masharti tofauti kwa kazi moja.

Sheria ya kuunda Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipitishwa na tume ikaanza kazi mwaka wa 1967, Mbiyu akiwa ameshahamia Ofisi ya Rais. Tangu hapo, jina la kila mwalimu halali limekuwa katika sajili moja. Yale madaraja ya vyeti ya enzi ya ukoloni yalibadilishwa, na Wakenya wakazoea kuzungumza juu ya P1, P2 na P3.

Ni rahisi kusema kwamba Mbiyu alijigeuka. Lakini inaelekea hakuwa na ugomvi na cheti chenyewe. Ugomvi wake ulikuwa na cheti kinachotolewa na mtu asiyewajibika kwa wazazi wa mtoto. Alipoona serikali imekuwa ya wananchi, aliona pengo limezibwa. Iwapo kweli lilizibwa, hilo ni jambo ambalo wazazi na walimu wameendelea kulijadili hadi leo.

Mwaka wa 1966 alikuwa Waziri katika Ofisi ya Rais, cheo alichokishika hadi Kenyatta alipofariki Agosti 22, 1978. Miaka hiyo ilimpa uwezo mkubwa, mali nyingi na maadui wengi. Historia ya siasa za wakati huo ina kurasa za giza, na jina lake limo katika baadhi ya mabishano yake. Mwandishi wa maisha yake hawezi kuzifuta kurasa hizo kwa kuwa tu alijenga chuo.

Rais Daniel arap Moi alimwondoa katika Ofisi ya Rais. Katika uchaguzi wa 1979, wapiga kura wa Kiambaa walimwacha na kumchagua mfanyabiashara Njenga Karume. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1981, Mbiyu Koinange aliaga dunia.

Kilichosalia

Ni nini basi cha kukumbukwa? Mashamba yamegawanywa na kugombewa. Wadhifa ulikwisha siku moja. Chuo kilifungwa baada ya miaka 13 tu.

Kilichosalia ni swali la Githunguri, na bado linaulizwa kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa. Kijana anayetaka ualimu leo hana upungufu wa vyuo. Yuko katika nchi yenye vyuo vikuu vingi na vyuo vya walimu katika kaunti nyingi. Cheti cha P1 kilichotolewa kwa miongo kadhaa kimeacha kutolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na diploma. Mtaala nao umebadilishwa. Anayetaka kufundisha sekondari anapaswa kuwa na masomo mawili ya kufundishia, na alama zake za shule katika masomo hayo hutazamwa na TSC kabla ya jina lake kuingia katika sajili.

Masharti hayo yameandikwa. Hata hivyo, wapo wanafunzi wanaoyafahamu wakiwa mwaka wa mwisho, baada ya mzazi kuuza ng'ombe au kipande cha shamba kulipa karo. Wamefundishwa vyema na wahadhiri wao, wamefaulu mitihani yao, ila hakuna aliyeketi nao katika muhula wa kwanza kuwaeleza kwamba mchanganyiko wa masomo waliouchagua hauwafikishi walikokusudia. Wana elimu bila mhuri, kama waliohitimu Githunguri mwaka wa 1952, tofauti ikiwa kwamba safari hii mlango haukufungwa na gavana wa kigeni.

Mwanafunzi wa ualimu huhitaji vitu viwili kwa pamoja: cheti kinachotambuliwa, na mtu aliyeitangulia njia wa kumwonyesha inakopita. Githunguri ilikuwa na cha pili ikakosa cha kwanza. Wengi wa vijana wetu wana cha kwanza mbele ya macho yao, wakakosa cha pili.

Mbiyu Koinange aliishi akiijua thamani ya vyote viwili, kwa kuwa aliwahi kunyimwa kimoja na kuhangaika miaka 11 akikitafuta kingine. Mkuu wa chuo atakayemwita kila mwanafunzi wake mpya ofisini, akaifungua orodha ya masomo mbele yake na kumwuliza anakusudia kufundisha nini na wapi, atakuwa anaendeleza kazi iliyoanzwa Githunguri Januari 1939. Haitahitaji mnara wala barabara yenye jina.